Majaribio kwa Wanyama katika Sayansi na Tiba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mada hii inapoibuka, mara nyingi yakiwa na hasira kidogo ndani yake. Nimeyapanga kuanzia mepesi. Jibu likikupeleka kwenye swali jingine, lifuate, maana sitarudia.

Jambo moja la lugha kwanza. Kiswahili hutumia neno panya kwa wanyama wawili tofauti wa maabara. Hapa "panya mdogo" ni yule wa gramu 20 hadi 30 anayeenea kiganjani, na "panya mkubwa" ni yule anayeweza kuzidi gramu 300. Nikisema panya tu, ni wote wawili.

## Mambo ya msingi

1. Watu wakisema "majaribio kwa wanyama", wanazungumzia nini hasa?

Shughuli tatu ambazo huchanganywa. Ya kwanza ni utafiti wa kutaka kujua: ubongo unahifadhije kumbukumbu, kinga ya mwili inamtambuaje mdudu mgeni. Hapa hakuna dawa inayosubiriwa mwishoni. Ya pili ni kutafuta tiba: kuna ugonjwa, kuna kemikali inayodhaniwa kuuweza, na inajaribiwa kwa mnyama mwenye ugonjwa huo au unaofanana nao. Ya tatu ni kupima sumu: dawa, kiuatilifu au kemikali ya kiwandani hupewa wanyama ili ijulikane inadhuru kiungo gani na kwa kiasi gani.

Nazitenganisha kwa sababu mabishano mengi huharibikia hapa. Mmoja anatetea insulini, mwenzake anashambulia rangi ya mdomo iliyotiwa kwenye jicho la sungura, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa kuwa hawazungumzii kitu kimoja.

2. Ni wanyama gani hutumika, na ni wangapi?

Wengi mno ni panya, hasa wadogo. Samaki na ndege hufuata. Uingereza, ambako serikali huchapisha hesabu kila mwaka, ilirekodi taratibu (yaani kila mara mnyama anapotumika) takribani milioni 2.7 mwaka 2023, na karibu nusu yake ilikuwa kuzalisha tu wanyama waliobadilishwa jeni. Mbwa, paka, farasi na kima kwa pamoja huchukua takribani asilimia 1 ya majaribio yenyewe.

Hesabu rasmi ya dunia nzima haipo. Nchi nyingi hazihesabu, na zinazohesabu hazihesabu vitu vilevile. Nchini Marekani, sheria ya ustawi wa wanyama iliyotungwa mwaka 1966 haiwagusi panya waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, kwa hiyo mnyama anayetumika kuliko wote ndiye asiyeonekana kwenye takwimu zake. Mtu akikupa tarakimu moja ya dunia nzima bila kusita, muulize ameitoa wapi.

3. Kwa nini panya?

Ni mdogo, hula kidogo, mimba yake ni ya wiki tatu, na akifika miaka miwili ni mzee. Jenomu ya panya mdogo, yaani maandishi yote ya urithi wake, ilichapishwa mwaka 2002, na jeni zake karibu zote zina mwenzake kwa binadamu. Tena zipo koo zilizozalishwa kaka kwa dada kwa vizazi vingi hadi kila panya ni kama pacha wa mwenzake. Ukimpa mmoja dawa na mwingine maji, tofauti utakayoiona haitokani na urithi.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni mazoea. Maabara ina vizimba vya panya, wahudumu waliozoea panya na makabati ya data za panya. Swali jipya likija, panya ndiye aliye karibu, hata pale ambapo nguruwe au kisahani cha seli za binadamu kingejibu vizuri zaidi.

4. Dawa hupitia wapi kabla ya kunifikia?

Huanza kwenye seli na vipimo vya kemikali, na nyingi hufia hapo hapo. Zinazobaki hupimwa sumu, kwa kawaida katika aina mbili za wanyama: mmoja wa jamii ya panya na mwingine wa nje ya jamii hiyo, mara nyingi mbwa au kima. Watafiti hutafuta dozi ya juu kabisa isiyoleta madhara, kisha huishusha sana ili kupata dozi ya kumwanzishia binadamu. Hutaka pia kujua kiungo gani cha kuchungwa na kama madhara huondoka dawa ikisimamishwa. Ndipo huja watu wachache wa kujitolea, kisha mamia ya wagonjwa, kisha maelfu.

Utaratibu huu una makaburi nyuma yake. Mwaka 1937 nchini Marekani, dawa ya sulfanilamidi iliuzwa ikiwa imeyeyushwa katika dietileni glikoli, kimiminika kitamu kinachoua figo. Hakuna sheria iliyomlazimu mtengenezaji kuipima sumu, naye hakuipima. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyodai ushahidi wa usalama kabla dawa haijauzwa.

## Je, yanafanya kazi?

5. Nitajie tiba iliyotokana na wanyama kweli, isiyo ya kubahatisha.

Penisilini. Tarehe 25 Mei 1940, mjini Oxford, Howard Florey na wenzake waliwadunga panya wadogo wanane bakteria kwa kiasi cha kuua. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Norman Heatley, mmoja wa timu hiyo, alikesha maabara akiwatazama. Ilipokaribia saa kumi alfajiri, wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa wote, na waliopewa walikuwa hai. Hakuna kompyuta wala kisahani cha wakati ule ambacho kingeweza kuonyesha kwamba ukungu unamponya kiumbe mzima bila kumuua.

Insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921 kwa mbwa walioondolewa kongosho, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa. Sindano ya kwanza haikufaa. Dawa ilisafishwa upya na ya pili ikafaa. Kwa miongo mingi baadaye insulini iliendelea kutolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe.

Artemisinini inayotibu malaria leo ilionyesha nguvu zake mwaka 1971 nchini China, pale Tu Youyou na wenzake walipowapa panya wadogo dawa iliyokamuliwa kwenye mmea kwa etha. Vimelea vya malaria walivyotumia ni vya jamii ya *Plasmodium berghei*, vilivyogunduliwa mwaka 1948 kwa panya-pori wa Katanga. Kabla ya kuwapa wagonjwa, Tu na wenzake wawili waliinywa wenyewe.

6. Binadamu si panya. Kwa nini tuamini matokeo ya panya?

Hutakiwi kuyaamini, unatakiwa kuyasoma. Kidonge cha parasetamoli unachomeza kichwa kikiuma kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kukiondolea sumu. Chokoleti humdhuru mbwa. Penisilini yenyewe huwaua simbilisi, si kwa kuwa ni sumu kwao moja kwa moja, bali kwa kuwa hufyeka bakteria wa utumbo wao na kuwaachia nafasi wabaya. Florey angeanza na simbilisi, huenda penisilini ingetupwa jalalani.

Kosa hili lina historia ndefu. Galeni, tabibu wa karne ya 2, alipasua kima, nguruwe na ng'ombe, akaandika kwamba chini ya ubongo wa binadamu kuna wavu wa mishipa. Wavu huo upo kwa ng'ombe na kondoo, ila binadamu hana. Madaktari waliufundisha kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Kwa hiyo mnyama anafaa pale tunapojua kwamba kiungo au njia inayochunguzwa inafanana na yetu, na anapotosha pale tunapodhani tu. Katika dawa zinazofika kwenye majaribio ya binadamu, takribani tisa kati ya kumi hazifiki sokoni, na zote zilishapita kwa wanyama. Tazama swali la 9 kabla ya kumlaumu panya peke yake.

7. Si thalidomaidi ilijaribiwa kwa wanyama na bado ikaleta balaa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwaudhi watu wa pande zote mbili. Thalidomaidi iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 hadi 1961 kama dawa ya usingizi, na wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Zaidi ya watoto 10,000 duniani walizaliwa na ulemavu, wengi wakiwa na mikono au miguu mifupi mno. Ilikuwa imejaribiwa kwa wanyama, ndiyo, lakini athari zake kwa wanyama wenye mimba hazikuchunguzwa ipasavyo kabla ya kuuzwa.

Baada ya balaa, majaribio yalirudiwa. Sungura na kima walizaa watoto wenye kasoro zinazofanana na za binadamu. Panya wengi hawakuonyesha kitu. Anayetetea majaribio husema: mngejaribu kwa sungura mngeona. Anayepinga husema: na mngejaribu kwa panya mngesema ni salama. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana leo dawa hupimwa kwa ujauzito katika aina zaidi ya moja.

Marekani iliepuka sehemu kubwa ya balaa hili kwa sababu ya mtu mmoja, Frances Kelsey wa mamlaka ya dawa, aliyekataa kuidhinisha kwa kuwa ushahidi aliopewa haukumridhisha. Alikuwa anasoma makaratasi tu, kwa ukaidi.

8. Ilikuwaje London mwaka 2006?

Machi 2006, vijana sita wenye afya walipewa dawa ya kingamwili, yaani protini ya kinga iliyotengenezwa maabara, iitwayo TGN1412. Dozi yao ilikuwa sehemu moja ya 500 ya ile iliyowaacha kima salama. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa mahututi, kinga ya mwili ikishambulia mwili wenyewe. Walipona, ila mmoja alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono.

Baadaye ilieleweka kwamba aina fulani ya seli za kinga za kima haina kipokezi ambacho dawa hiyo ilikilenga. Binadamu wanacho. Kima hakudanganya, aliulizwa swali ambalo mwili wake haukuwa na jibu lake. Vipimo vya seli za binadamu vilivyopangwa vizuri baadaye viliweza kuonyesha hatari hiyo kwenye kisahani.

Lingine lilikuwa uzembe wa mpangilio tu: vijana walichomwa mmoja baada ya mwingine kwa dakika chache, kabla haijaonekana wa kwanza amefanyaje. Siku hizi wa kwanza hupewa peke yake, na watu husubiri.

9. Dawa nyingi zikishindwa, kosa ni la mnyama au la mtafiti?

La wote wawili, na la mtafiti hurekebishika kwa gharama ndogo. Kwa miaka mingi majaribio mengi ya panya yalifanywa kwa madume tu, kwa wanyama wachache mno, na mtu anayepima matokeo akijua yupi kapewa dawa. Ukijua, jicho lako litaona unachotaka kuona. Mwaka 2010 ilitolewa miongozo ya ARRIVE inayomtaka mwandishi aeleze wanyama walikuwa wangapi, wa jinsia gani, waligawanywaje na nani alifichwa nini.

Jaribio lililopangwa vibaya lina ubaya wa ziada: wanyama wamekufa na hakuna kilichojulikana. Binafsi naliona hilo kuwa ukatili kuliko jaribio lenye maumivu lakini lenye jibu.

## Maumivu na matunzo

10. Je, wanyama huumia?

Ndiyo. Si wote, na si kwa kiwango kimoja. Umoja wa Ulaya hutaka kila utaratibu uwekwe kwenye daraja: mwepesi, kama kutoa damu kidogo; wa kati, kama upasuaji chini ya nusukaputi pamoja na dawa za maumivu baadaye; mkali; na ule ambao mnyama hulazwa usingizi na haamshwi tena. Taratibu nyingi zinazoripotiwa ni nyepesi, ila zile kali zipo, na baadhi zinahusu magonjwa ambayo kwa asili yake ni mateso.

Panya hulia kwa sauti za juu mno ambazo sikio letu halizisikii, na kwa kuwa ni windo kwa asili, huficha udhaifu. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walichapisha njia ya kusoma maumivu usoni mwake: macho yamefumbwa nusu, pua na mashavu yametuna, masikio yamerudi nyuma, sharubu zimekakamaa. Ukishaonyeshwa picha mbili, mmoja mzima na mmoja anayeumia, hutashindwa tena kuona. Mimi nilionyeshwa baada ya miezi mingi ya kuhudumia panya, na usiku ule nilikumbuka sura kadhaa nilizozipita.

11. Maisha ya kila siku ya panya wa maabara yakoje?

Kizimba cha plastiki chenye ukubwa wa kisanduku cha viatu, maranda chini, chupa ya maji, chakula cha vidonge juu ya wavu, mwanga kwa saa zilizopangwa. Hasumbuliwi na paka wala njaa. Wala hana kazi ya kufanya, na kwa mnyama aliyeumbwa kuchimba na kukusanya, hilo ni tatizo lenyewe. Ukimwekea karatasi laini, atakesha akizichana kujenga kiota, na asubuhi utakuta kimefunikwa juu kama chungu.

Jambo dogo lenye maana kubwa ni namna ya kumshika. Kwa miongo mingi sote tulifundishwa kumnyanyua panya mdogo kwa mkia. Mwaka 2010 watafiti wa Liverpool walionyesha kwamba panya anayenyanyuliwa kwa mkia hubaki na hofu, ilhali anayeingizwa kwenye bomba la plastiki au kubebwa kwenye viganja viwili humsogelea mhudumu mwenyewe. Hofu hiyo huingia kwenye data. Unadhani unapima dawa ya wasiwasi, kumbe unapima mkono wako.

12. Jaribio likiisha wanafanywa nini?

Wengi sana huuawa, kwa sababu viungo vyao huchunguzwa kwa hadubini au kwa sababu hakuna pa kuwapeleka. Mbwa na paka wakati mwingine hupewa familia, na baadhi ya nchi na majimbo yana sheria za kuhimiza hilo.

13. Nani anasimamia yote haya?

Uingereza ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1876, na sheria inayotumika sasa ni ya 1986. Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2010. Katika nchi nyingi kazi ya kila siku iko kwa kamati ya maadili ya taasisi: wanasayansi, daktari wa mifugo na mtu wa nje. Mtafiti huleta maombi, naye huulizwa kwa nini wanyama hawa, kwa nini idadi hii, na ni hali gani ikifikiwa jaribio litasimamishwa na mnyama auawe mapema asiteseke.

Msingi wa maswali hayo ni kanuni tatu za William Russell na Rex Burch, wanasayansi wa Uingereza waliozichapisha mwaka 1959: tafuta mbadala, punguza idadi, boresha matunzo. Ubora wa kamati hutegemea watu waliokaa ndani yake. Iliyo dhaifu hugonga mhuri. Iliyo imara humrudisha mtafiti nyumbani mara tatu.

## Mbadala

14. Kwa nini wasitumie kompyuta au seli za binadamu?

Wanatumia, na kwa baadhi ya vipimo mnyama ameshaondoka. Kipimo cha kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama, kilichobuniwa mwaka 1927, kilifutwa mwaka 2002 kwenye miongozo ya OECD, shirika la nchi tajiri ambalo mbinu zake za upimaji hufuatwa na wengi. Muwasho wa ngozi hupimwa kwenye ngozi ya binadamu iliyooteshwa maabara. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard walionyesha pafu kwenye chipu: kipande cha plastiki angavu, utando mwembamba, upande mmoja seli za mapafu na hewa, upande wa pili seli za mishipa na kimiminika kama damu, na mvuto wa hewa pembeni unaounyoosha utando huo kama pumzi.

Kinachobaki kigumu ni mwili mzima. Dawa humezwa, hubadilishwa na ini kuwa kitu kingine, kitu hicho hufika kwenye figo, homoni hujibu, mimba huathirika. Chipu ya ini haijui habari za kijusi. Nayo kompyuta hujifunza kutokana na data zilizopo, ambazo nyingi zilitoka kwa wanyama, kwa hiyo kwa kemikali ya aina mpya kabisa hubahatisha.

Mbadala nao unaweza kuwa na mnyama ndani yake. Zamani dawa za sindano zilipimwa uchafu wa bakteria kwa kuwachoma sungura na kuangalia homa. Zikaja damu za kaa-kwato, kiumbe wa baharini mwenye damu ya buluu inayoganda ikigusa uchafu huo. Sungura wakapumzika, kaa wakaanza kukamuliwa damu. Sasa protini hiyo ya kaa hutengenezwa maabara bila kaa.

15. Kwa nini wasiwajaribie wafungwa wenye makosa makubwa?

Swali hili huulizwa kwa utani, kisha unagundua si utani. Lilishafanyika. Madaktari wa Kinazi waliwatumia wafungwa wa kambi, na hukumu ya Nuremberg ya mwaka 1947 ndiyo iliyozaa kanuni kwamba ridhaa ya hiari ya mtu ni sharti lisiloepukika. Kanuni hizo hizo zinasema majaribio kwa binadamu yajengwe juu ya matokeo ya wanyama. Huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliangaliwa bila kutibiwa kuanzia 1932 hadi 1972, ingawa penisilini ilishapatikana. Kila mara waliochaguliwa kuwa "wanaostahili" ni wale wasio na mtu wa kuwasemea.

16. Sheria bado inalazimisha wanyama?

Inalegea. Desemba 2022 Marekani iliondoa kwenye sheria yake ya 1938 sharti la wanyama na kuruhusu ushahidi wa seli, chipu na kompyuta. Aprili 2025 mamlaka yake ya dawa ilitangaza mpango wa kupunguza wanyama hatua kwa hatua, ikianza na kingamwili za aina ile ya swali la 8. Kuruhusu si kukataza: mtengenezaji anaweza bado kuchagua wanyama, na akiogopa kukataliwa, mara nyingi atawachagua.

## Vipodozi

17. Vipodozi bado hujaribiwa kwa wanyama?

Si Ulaya. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kwa awamu: bidhaa kamili mwaka 2004, viungo vyake mwaka 2009, na mwaka 2013 uuzaji wa chochote kilichojaribiwa kwingine kwa ajili ya vipodozi. India ilifuata mwaka 2014. Kwingineko ni mchanganyiko.

Kipimo kilichowachukiza watu zaidi, cha kutia kemikali kwenye jicho la sungura na kuhesabu wekundu, kilianzishwa na John Draize mwaka 1944. Sungura alipendelewa kwa kuwa ana machozi machache ya kuisafisha kemikali. Mbadala wake upo, na hapa sioni hoja ya kutetea: dunia haikupungukiwa rangi za midomo.

18. Lebo ya "hakijajaribiwa kwa wanyama" ina maana gani?

Inategemea nani kaiandika. Inaweza kumaanisha bidhaa ya mwisho haikujaribiwa, ingawa viungo vyake vilijaribiwa zamani au na kampuni nyingine. Viungo vingi vya zamani vilishapita kwa wanyama. Tena kiungo kinachotumika pia viwandani kinaweza kudaiwa vipimo chini ya sheria za kemikali, kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi. Afadhali alama ya shirika huru linalokagua wasambazaji kuliko picha ya sungura iliyochorwa na kampuni yenyewe.

## Yasiyo na jibu jepesi

19. Napinga majaribio haya. Je, nikitumia dawa ni mnafiki?

Hapana. Hukuulizwa dawa itengenezwe vipi, na kukataa kwako chanjo hakumrudishii panya uhai. Kama unataka kuwa na uzito, elekeza nguvu mahali pa uamuzi: fedha za mbadala, uwazi wa takwimu, vipodozi.

20. Kuna dawa iliyoidhinishwa kwa ushahidi wa wanyama pekee?

Ufanisi, ndiyo. Kimeta, tauni na ndui huwezi kuwaambukiza watu makusudi. Tangu 2002 Marekani huruhusu ufanisi uthibitishwe kwa wanyama, na usalama kwa watu wenye afya. Tekovirimati iliidhinishwa hivyo mwaka 2018 kwa ajili ya ndui. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa mpox huko Kongo, ugonjwa wa virusi vya ukoo mmoja na ndui, matokeo ya 2024 yalionyesha haikuharakisha kupona vidonda. Mpox si ndui, lakini kila anayeitegemea njia hii alipaswa kukohoa kidogo.

21. Sokwe je?

Wameachwa karibu kila mahali. Taasisi za afya za serikali ya Marekani zilitangaza mwaka 2015 kwamba hazitagharimia tena utafiti wa tiba kwa sokwe. Walisaidia sana katika homa za ini, ila kwa UKIMWI walikuwa funzo la kinyume: wengi waliambukizwa HIV na hawakuugua.

22. Pweza, inzi na minyoo wanahesabiwa?

Ulaya humhesabu pweza, ngisi na dome, kwa ushahidi kwamba huhisi maumivu. Inzi wa matunda na minyoo hawahesabiwi popote ninapopajua, na hutumika kwa mamilioni. Mstari huu umechorwa kwa kile tunachokijua leo, na pweza naye zamani alikuwa upande wa pili.

23. Wanyama wenyewe hufaidika?

Sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe kwa karne nyingi, ulitangazwa kutokomezwa mwaka 2011, na chanjo iliyobeba kazi hiyo ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright. Ivamektini ilianza kama dawa ya minyoo ya mifugo kabla ya kuokoa macho ya watu dhidi ya usubi. Hata hapo aina hutofautiana: mbwa wengi wa ukoo wa collie wana hitilafu ya jeni inayoiruhusu dawa hiyo kupenya ubongoni, na dozi kubwa inaweza kuwaua.

24. Ni kweli kuna panya wenye viungo vya binadamu?

Wenye seli za binadamu, ndiyo. Mwaka 1993 dawa ya homa ya ini iitwayo fialuridini ilijaribiwa kwa wagonjwa 15 nchini Marekani. Watano walikufa kwa ini kushindwa, na wawili waliponea kwa kupandikizwa ini jingine. Wanyama waliotangulia hawakuonyesha dalili ya hatari hiyo. Mwaka 2014 dawa hiyo hiyo ilipewa panya ambao ini lao lilikuwa limejazwa seli za binadamu, na ini likaharibika kama lilivyoharibika kwa wale wagonjwa.

Kwa ini, wachache hukosa usingizi. Wasiwasi huanza seli hizo zikipelekwa kwenye ubongo au viungo vya uzazi, na miongozo ya kimataifa ya utafiti wa seli shina huweka uangalizi mkali hapo. Wanyama wanaoweza kubeba mbegu au mayai ya binadamu hawaruhusiwi kuzalishwa. Na hapo kuna fundo ambalo kamati za swali la 13 hukutana nalo kila mara: kadiri unavyomfanya panya afanane nasi ili jibu lake liaminike, ndivyo inavyokuwa vigumu kueleza kwa nini anaweza kufanyiwa tusichoweza kufanyiwa sisi.